Kiwango cha umahiri kwenye simuleta za upasuaji: njia ipi ichaguliwe Unguja na Pemba?

Mtu anayetayarisha chumba cha mazoezi ya upasuaji, awe yuko Mnazi Mmoja mjini Unguja au Hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, hukutana mapema na swali ambalo simuleta, yaani chombo cha mazoezi kinachoiga upasuaji, haiwezi kulijibu yenyewe: mwanafunzi afikie wapi ndipo aruhusiwe kushika vifaa mbele ya mgonjwa? Vifaa vinaweza kununuliwa, kuchangwa au hata kutengenezwa na fundi wa hapa hapa, lakini mstari wa kufaulu huwekwa na watu, na ukiwekwa vibaya huleta madhara ya pande mbili. Ukiwa chini, mgonjwa ndiye anayeumia. Ukiwa juu kupita kiasi, daktari kijana hukaa miezi akihamisha vipete vya mpira kutoka kigingi hadi kigingi, hukata tamaa, na hospitali hukosa mikono inayoihitaji sana.

Njia za kuuweka mstari huo ni chache, na kila moja ina watetezi wenye hoja. Ninazilinganisha hapa kwa kuangalia zaidi jambo moja linalotuhusu sisi wa visiwani, nalo ni uchache wa mabingwa. Maandishi mengi ya fani hii yametoka katika hospitali ambazo mabingwa kumi au ishirini wa aina moja ya upasuaji hupatikana ndani ya jengo moja, na hesabu zinazokwenda vyema kule zinaweza kupotosha hapa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa hali yetu makosa yapewe uzito kuliko muda, na pasitafutwe njia moja ya kutumika kwa kila zoezi.

Kuhesabu saa au kudai kiwango

Njia rahisi kuliko zote ni kutoweka kiwango chochote, bali kudai saa kadhaa za mazoezi au marudio kadhaa, kisha kumwandikia mwanafunzi kuwa amemaliza. Sioni sababu ya kuitetea. Watu hawajifunzi kwa kasi moja. Wapo wanaoshika kazi ya mikono miwili kwa siku chache, na wapo ambao baada ya marudio 50 bado ncha ya sindano inawapotea kwenye picha. Saa zikiwa ndizo kipimo, wote wawili hutoka na cheti kimoja.

Ushahidi uliofanya simuleta zichukuliwe kwa uzito haukutokana na saa, ulitokana na viwango. Mwaka 2002 Neal Seymour na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Nane kati yao walifanya mazoezi kwenye simuleta ya kompyuta mpaka wakafikia kiwango kilichowekwa na wapasuaji wazoefu, na nane wengine wakaendelea na mafunzo ya kawaida. Walipopimwa kwa mgonjwa, katika hatua ya kuutenganisha mfuko wa nyongo na ini kwa upasuaji wa matundu madogo, waliopitia simuleta walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 29, ilhali wasioipitia walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuunguza nyama isiyokusudiwa. Mwaka 2007 Ahlberg na wenzake nchini Uswidi walifuatilia madaktari 13 katika upasuaji wao kumi wa mwanzo wa mfuko wa nyongo, wakaona kuwa kundi lililokosa mafunzo ya kufikia kiwango lilifanya makosa takribani mara tatu zaidi na kutumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 58. Katika majaribio yote mawili mwanafunzi hakuachiwa mpaka alipofika. Anayeiga simuleta akaacha kiwango ameiga nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo yenye gharama kubwa na faida ndogo.

Kuazima namba zilizokwisha kuwekwa

Baada ya hapo njia inayovutia zaidi kwa mwenye mabingwa wachache ni kuchukua namba za wengine. Zinazojulikana zaidi ni za FLS, mpango wa mafunzo na mtihani wa misingi ya upasuaji wa matundu madogo wa chama cha wapasuaji cha SAGES, Marekani, ambao mazoezi yake yalitokana na kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Mwaka 2007 Ritter na Scott walichapisha viwango vya mazoezi yake matano: kuhamisha vipete sekunde 48, kukata duara kwenye chachi sekunde 98, kufunga kwa kitanzi sekunde 53, kushona kwa fundo linalofungwa nje ya kisanduku cha mazoezi (kinachoshika nafasi ya tumbo la mgonjwa) sekunde 136, na kwa fundo linalofungwa ndani sekunde 112. Kila muda una sharti la usahihi, kwa mfano duara la chachi likatwe bila kuuacha mstari kwa zaidi ya milimita 2, na mwanafunzi hufaulu kwa kufikia kiwango mara mbili mfululizo. Kwa kuhamisha vipete na kufunga fundo la ndani huongezwa marudio mengine kumi, ili bahati isihesabiwe kuwa umahiri.

Uzuri wa namba hizi ni kwamba zipo tayari, hazidai jopo wala takwimu, na zoezi lake linaeleweka kwa maneno machache. Tatizo ni kwamba sekunde 48 ni za kisanduku fulani, kamera fulani na koleo fulani. Visanduku vinavyotengenezwa kwa bei nafuu hutumia kamera ya simu au ya kompyuta ndogo, na picha ikichelewa hata kidogo nyuma ya mkono, kila mshiko huongezeka muda. Pembe ya kamera ikibadilika, koleo lisipofunga sawasawa, matundu yakiwa karibu kupita kiasi, namba inakuwa ya chombo kingine. Hapo mwanafunzi hupambana na vifaa badala ya kupambana na udhaifu wa mikono yake, na msimamizi hawezi kujua ni kipi kilichomwangusha.

Kwa hiyo namba za kuazima zinafaa kwa atakayenunua kisanduku kinachofanana na cha asili na vifaa vyake vyote, au kwa anayemwandaa mwanafunzi atakayefanya mtihani huo wenyewe. Kwa wengine, naona ni busara kuazima masharti ya usahihi na ya marudio, kisha kuupima muda upya kwa vifaa vilivyopo.

Wastani wa mabingwa wa hapa

Njia ya tatu ndiyo iliyotumika Yale: waite wapasuaji wazoefu, wafanye zoezi lile lile kwenye simuleta ile ile, na wastani wa matokeo yao uwe lengo la mwanafunzi. Ina heshima yake, kwa sababu lengo limetoka kwa watu ambao mwanafunzi anawaona kazini kila siku na vifaa ni vile vile atakavyopimiwa. Hapa lakini ndipo uchache wetu unapouma, na panahitaji kuangaliwa kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mabingwa watano wanahamisha vipete kwa sekunde 50, 55, 58, 62 na 105. Wastani ni sekunde 66, ingawa wanne kati ya watano wamemaliza chini ya hapo. Mtu mmoja ameuvuta mstari kwa wote. Waandishi wa mafunzo ya kusonga mbele kwa umahiri, akiwemo Anthony Gallagher aliyeshiriki jaribio la Yale, hushauri kumwondoa bingwa ambaye matokeo yake yako mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili, yaani aliyejitenga mno na mtawanyiko wa wenzake. Ushauri huo una maana kubwa pale walipo mabingwa wengi. Katika mfano wetu mkengeuko sanifu ni takribani sekunde 22, kwa hiyo mpaka wa mikengeuko miwili unafika sekunde 110, na yule wa sekunde 105 anabaki ndani. Wala si suala la mfano huu tu. Kwa watu watano, hata mmoja akichukua saa nzima, hesabu yenyewe haimruhusu kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko 1.79, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeukuza mkengeuko. Kanuni hiyo haiwezi kumwondoa mtu yeyote katika kundi la watano au pungufu, na anayeitumia akiwa na mabingwa wanne anajidhania kuwa amechuja ilhali hajachuja chochote.

Dawa yake ni rahisi: itumike namba ya katikati badala ya wastani. Katika mfano wetu ni sekunde 58, na haitikisiki hata yule wa mwisho angechukua 300. Jambo la pili la kukubali mapema ni kwamba mstari ukiwekwa katikati ya mabingwa, takribani nusu ya mabingwa hao hao wasingefaulu katika jaribio walilopimwa. Hilo si aibu yao. Linaonyesha tu kwamba kiwango hicho ni lengo la mazoezi, linalofikiwa kwa kurudia mara nyingi ukiwa umetulia, na si hukumu ya nani anastahili kufanya upasuaji. Taasisi isipowaeleza mabingwa jambo hili kabla ya kuwapima, itawapoteza wasirudi tena.

Kisha kuna swali la nani aitwe bingwa. Tafiti nyingi humwita hivyo mtu aliyefanya zaidi ya upasuaji 100 wa aina inayopimwa, na hapo ndipo penye mtego. Daktari mwenye miaka 20 ya kufungua matumbo, anayeheshimika kwa ngiri, mabusha na upasuaji wa uzazi, anaweza kuwa mgeni kabisa mbele ya kisanduku cha matundu madogo, na matokeo yake yasitumiwe kupanga kiwango cha kazi ambayo si yake. Tena wapo wageni wanaokuja kwa zamu. Timu za madaktari kutoka China, wengi wao wakitoka jimbo la Jiangsu, zimekuwa zikifanya kazi Zanzibar tangu 1964, Unguja na Pemba, na ndani yake hupatikana watu wenye uzoefu ambao sisi tunao kwa uchache. Naona ni haki kuwapima na kuzitumia namba zao, kwa sharti kwamba wapimwe kwa vifaa vitakavyobaki na kwamba video za kazi yao zihifadhiwe, kwa sababu wao wataondoka na kiwango kitabaki kikihojiwa na watu ambao hawakuwaona.

Kila bingwa aachwe kwanza aizoee simuleta. Jaribio la mwanzo la mtu yeyote hupima ugeni wake kwa chombo zaidi kuliko umahiri wake, kwa hiyo majaribio ya awali yasihesabiwe, na yanayohesabiwa yawe zaidi ya moja. Asipimwe bingwa aliyetoka zamu ya usiku. Haya yanaonekana madogo, lakini kundi likiwa la watu watano hakuna dogo lisiloonekana kwenye matokeo.

Makundi mawili

Njia ya nne huchukua kundi la wasioweza na kundi la wanaoweza, huchora mtawanyiko wa alama za kila kundi, na huweka mstari pale michoro miwili inapokatana. Ubora wake ni kwamba inaonyesha wazi gharama ya uamuzi: ni wangapi wasio tayari wangepita, na ni wangapi walio tayari wangezuiwa. Mwalimu anaweza kuusogeza mstari kwa makusudi, akiamua kwamba afadhali kuwachelewesha wanafunzi wachache kuliko kumpitisha mmoja asiyefaa.

Hapa Zanzibar kundi la chini si tatizo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinafundisha udaktari, na wanafunzi wa kupima wapo. Tatizo ni kishawishi cha kuwalinganisha wanafunzi wa mwaka wa tatu na mabingwa wakubwa kwa kuwa ndio wanaopatikana kwa urahisi. Makundi yaliyo mbali hivyo huacha uwanja mpana katikati, na mstari unaoangukia katikati ya uwanja huo humpitisha mtu aliyeacha kuwa mgeni lakini hajawa salama. Linganisho lenye faida ni la watu waliokaribiana, yaani daktari aliyemaliza mafunzo ya vitendo karibuni na daktari ambaye wasimamizi wake tayari wanamwachia zoezi hilo. Hao wa pili ndio wachache, kwa hiyo njia hii naiona ni ya kuifikia baada ya mwaka mmoja au miwili ya kukusanya alama, si ya kuanzia.

Jopo la waamuzi

Njia ya tano haihitaji alama za mtu yeyote kuanza. William Angoff aliieleza 1971 kwa ajili ya mitihani ya kuandika, na imeenea katika mitihani ya vitendo ya udaktari. Waamuzi humfikiria mwanafunzi wa mpakani, aliye tayari kwa shida, kisha kwa kila hatua ya zoezi hujiuliza: kati ya watu kumi wa namna hiyo, wangapi wangeitekeleza sawasawa? Majibu yakitafutiwa wastani kwa kila hatua, kisha kujumlishwa, hutoa alama ya kufaulu. Zoezi lenye hatua 20, likipata wastani wa 0.82 kwa hatua, hutoa 16.4, yaani hatua 17.

Kwa upasuaji wa wazi, kama wa uzazi au wa kufunga tumbo, ambao ndio mwingi katika hospitali zetu na ambao sekunde hazisemi mengi juu yake, sioni njia bora kuliko hii. Daktari mwenye miaka 20 ambaye hakufaa kwenye kisanduku cha matundu madogo, hapa ndipo elimu yake inapohitajika. Fomu za alama za hatua kwa hatua zimeshatumika katika ukanda wetu kwa upasuaji wa mtoto wa jicho: jaribio la OLIMPICS, lililowahusisha madaktari wanaosomea macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, liliwapima kwa fomu ya vipengele 20 yenye alama 40, na waliopata mafunzo makali ya simuleta waliwapita wenzao kwa mbali.

Udhaifu wake ni aina mbili. Waamuzi wasioonyeshwa matokeo halisi huelekea kudai makubwa, kwa kuwa bingwa husahau jinsi alivyokuwa mwanzo; kwa hiyo wapewe alama za wanafunzi wachache baada ya duru ya kwanza, wajadiliane, kisha waamue tena. Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Alama za hatua hujumlishwa, na mwanafunzi anaweza kufikisha 17 huku akiwa hakuhesabu chachi kabla ya kufunga. Zipo hatua ambazo ubora wa nyingine hauwezi kuzifidia, nazo zitajwe kabla ya mtihani: kutohesabu chachi, kuendelea ilhali ncha ya sindano haionekani, fundo linaloteleza likivutwa. Anayekosa mojawapo arudie zoezi, hata akiwa na alama 19.

Jopo hili pia litapima kwa macho, na macho hutofautiana. Makosa yaandikwe kwa namna inayojibika kwa ndiyo au hapana. Maneno kama «alishika kwa upole» yaachwe. Waamuzi wawili watazame video moja bila kushauriana na bila kuonyeshwa uso wa anayepimwa, kisha hatua walizokubaliana zigawanywe kwa hatua zote. Wakikubaliana katika 17 kati ya 20 wamepata 0.85, desturi ya fani hii ni kutokubali chini ya 0.8. Katika visiwa ambavyo karibu kila daktari anamjua mwenzake, na pengine ni jamaa yake, sharti la kuficha uso ndilo linalomlinda mwanafunzi na mwamuzi pamoja.

Kuchagua

Chumba chenye mabingwa watatu wa matundu madogo na kisanduku cha kamera ya simu kiazime masharti ya usahihi ya FLS, kipime muda kwa namba ya katikati ya mabingwa wake, na kidai kufaulu mara mbili mfululizo. Chumba kinachofundisha upasuaji wa uzazi au wa kufunga tumbo kianze na jopo, pamoja na hatua zisizofidiwa. Taasisi yenye wanafunzi wengi wanaopita kila mwaka itunze kila alama tangu siku ya kwanza, kwa sababu alama hizo ndizo zitakazowezesha linganisho la makundi mawili baadaye. Anayemwandaa daktari kwa mtihani wa nje, ukiwemo wa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, afuate vipimo vya mtihani huo na asijitungie vyake.

Lipo moja ningependa lifanywe bila kujali njia itakayochaguliwa: Unguja na Pemba ziwe na kundi moja la mabingwa wa kupimwa na jopo moja la waamuzi. Wanne wa Unguja na watatu wa Pemba, wakipimwa kwa simuleta za aina moja na video zao kutumwa pande zote mbili, huunda kundi la saba, na kwa saba hata ile kanuni ya mikengeuko miwili huanza kufanya kazi. Daktari aliyefaulu Mkoani asilazimike kuanza upya akihamishiwa mjini. Tarehe ya kupima upya iandikwe siku ile ile kiwango kinapopitishwa, na kamera au koleo likibadilishwa kabla ya tarehe hiyo, muda upimwe tena kabla mwanafunzi mwingine hajaambiwa kuwa ameshindwa.